Mitungi Miwili Iliyobaki Tukuyu: Maisha ya Sista Anyosisye Mwandemele, 1949–1997

Ndugu waombolezaji, leo Alhamisi, tarehe 11 Septemba 1997, tumekuja hapa Makwale, nyumbani kwa Mwalimu Asajile Mwaipaja, kumsindikiza mke wake, Sista Anyosisye Mwandemele. Ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Mimi ni Lazaro, mdogo wake aliyemfuata kuzaliwa. Karatasi mlizonazo niliziandika juzi jioni, zikachapwa Kyela mjini jana asubuhi. Kuna mahali nitaacha kusoma yaliyochapwa na kusema mengine. Naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa Matema tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Anyelwisye Mwandemele na mama yetu Veronika. Baba alikuwa mvuvi, na nyuma ya nyumba tulikuwa na migomba na muhogo. Dada ndiye aliyetulea sisi wadogo mama alipokuwa shambani. Mimi alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito kuliko yeye, na watu wakamwambia mama amkataze.

Alianza darasa la kwanza Matema mwaka 1957. Mwaka 1961 aliingia shule ya kati ya wasichana ya misheni, na mwaka 1966 akajiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Desemba 1969. Cheti chake bado kiko ukutani sebuleni, mlioingia ndani mmekiona.

Januari 1970 aliajiriwa katika Hospitali ya Betania, na hapo alifanya kazi maisha yake yote. Mwaka 1978 alipelekwa Dar es Salaam kusomea utoaji wa dawa ya usingizi kwa wagonjwa wa upasuaji. Tangu hapo, kila aliyepasuliwa Betania alisinzia mikononi mwake na kuamkia mikononi mwake. Kazi ile ilimfundisha kutazama vifua vya watu, na hakuweza kuacha hata kanisani. Jumapili moja, baada ya ibada, alimfuata kiongozi wa kwaya akamwambia, “Baba, umeimba vizuri, lakini unapumua mara thelathini kwa dakika. Kesho asubuhi nikuone hospitali.” Yule baba alicheka, lakini kesho yake alikwenda. Alikutwa na maji kwenye pafu. Yuko hapa leo, na ndiye aliyetuongoza kuimba.

Alifunga ndoa na Mwalimu Asajile tarehe 6 Julai 1974. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwalimu ameniomba niseme jambo moja tu kuhusu ndoa yao: kwamba katika miaka ishirini na mitatu hakuwahi kumsikia mke wake akimsema mgonjwa vibaya.

Mwaka 1990 wafadhili waliiletea Betania mashine ya kupumulia, kwa wagonjwa mahututi ambao vifua vyao vimeshindwa kazi. Mgonjwa huingizwa mpira kooni, na mashine inamsukumia hewa. Haikuhitaji umeme, na jambo hilo lilimfurahisha kila mtu, maana umeme wetu mnaujua. Iliendeshwa na msukumo wa oksijeni ya mtungi. Lakini mtungi ukiisha, na mashine imekwisha. Dada alifundishwa miezi mitatu kuiendesha. Hapakuwa na muuguzi mwingine aliyeijua.

Hapa karatasi zenu zinasema hivi: “Mwaka 1992 marehemu alihamishiwa dirisha la kadi, ambako alihudumu kwa uaminifu hadi alipougua.” Maneno hayo niliyatunga mimi. Hayana uongo ndani yake, na ndiyo maana yananitia aibu zaidi.

Wakati huo nilikuwa dereva wa hospitali. Kazi hiyo niliipata kwa sababu dada aliniombea. Biashara ilikuwa imeruhusiwa, na kila mtu Kyela alikuwa na kitu cha kuuza. Nami nilitaka kuwa na changu. Jumanne tarehe 12 Mei 1992 nilitumwa Mbeya kuchukua mitungi minne ya oksijeni. Niliipata yote. Lakini Tukuyu nilikuwa nimeagiza marobota ya mitumba, na Landrova haikutosha. Nilishusha mitungi miwili, nikaiacha katika ghala la mtu mmoja. Simtaji, kwa sababu yeye hana kosa. Nikapakia makoti na suruali, nikashuka Kyela.

Dada alinipokea mlangoni mwa stoo na kitabu cha mapokezi mkononi.

“Lazaro, naona miwili.”

“Mingine iko Tukuyu, dada. Keshokutwa napita kuichukua. Saini minne, wakijua wataniachisha kazi.”

“Keshokutwa?”

“Keshokutwa. Kweli kabisa.”

Akasaini. Alhamisi gari lilipeleka chanjo vijijini. Ijumaa gari lilikuwa huru na mafuta yalikuwepo. Sikwenda. Nilikuwa sokoni nauza makoti.

Jumamosi alasiri aliletwa Shamsa, binti wa marehemu Mzee Mansuri na Bi Samira, wenye duka pale Ipinda ambalo wengi wenu mnalijua. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliumwa na fira kwenye kifundo cha mguu akivuna mpunga. Alipofika, kope zake zilikuwa zimeanguka na ulimi umekuwa mzito. Jua lilipozama kifua kilikuwa hakipandi tena. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwepo. Daktari Tuntufye alimwingiza mpira kooni, dada akafunga mashine, na Shamsa akawa anapumua. Daktari alimwambia Bi Samira, “Mama, sumu hii haikai. Tukimvusha siku tatu, nne, itaisha nguvu na atapumua mwenyewe.” Kisha akamgeukia dada. “Mitungi tunayo?” Dada akajibu, “Ipo.”

Jumapili mchana mtungi wa kwanza uliisha. Dada alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, na sare yake ya kazi.

“Nenda Tukuyu sasa hivi. Usipoipata, usirudi. Fika Mbeya, waambie ukweli, wakupe mingine.”

Nilipofika Tukuyu ghala lilikuwa limefungwa. Mwenyewe alikwenda msibani Ileje, wakasema atarudi Jumanne. Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya ni mwendo wa saa moja na nusu, tena kwa lami. Mafuta nilikuwa nayo. Nilikaa kwenye baraza la ghala lile Jumapili, nikakaa Jumatatu kutwa, mpaka Jumanne asubuhi, kwa sababu Mbeya wangeniuliza ile minne niliyochukua iko wapi. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Niliogopa swali moja.

Huku Betania mtungi wa pili uliisha Jumatatu asubuhi. Wakachukua ule mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono, wakauunganisha na mpira wa kooni, na tangu saa hiyo Shamsa alipumua kwa mikono ya watu. Kubana, kuachia, kubana, kuachia. Dada, daktari, wauguzi wawili, na Bi Samira aliyefundishwa palepale, walipokezana. Jumatatu jioni Shamsa alichezesha vidole vya mguu. Bi Samira alipiga kigelegele mle wodini, na hakuna aliyemkataza. Jumanne saa nne asubuhi, Bi Samira akimkabidhi dada ule mfuko, mpira ulivutika ukatoka kooni. Watu wawili waliokuwa hawajalala, mikono imekufa ganzi. Daktari alikuja mbio, akajaribu kuurudisha. Koo lilikuwa limevimba. Ulipoingia, moyo ulikuwa umesimama.

Nilifika saa saba mchana na mitungi miwili iliyojaa. Dada alikuwa amesimama kwenye ngazi za wodi. Nilingoja anipige, au alie. Alisema, “Ishushe, Lazaro. Kuna wengine watakuja.”

Kamati ya hospitali ilikaa wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi ukutani, nikingoja kuitwa. Mwenyekiti alimwuliza dada, “Kitabu kinasema minne. Uliihesabu?” Akajibu, “Sikuihesabu. Mbeya walitoa miwili, mimi nikaandika minne kwa mazoea.” Mwenyekiti akafunga kitabu. Hawakuniita. Nilinyanyuka kwenye benchi lile nikaenda kuosha gari.

Ndivyo alivyohamishiwa dirisha la kadi. Mashine ilifunikwa shuka, kwa sababu aliyeijua alikuwa anaandika majina ya wagonjwa dirishani. Kwa hiyo aibu yangu haiishii kwa Shamsa. Sijui ni wangapi walioletwa baada yake na kukuta shuka. Mjini wakampa dada jina, “Sista Minne”, na mimi nimelisikia likitamkwa kwenye duka langu mwenyewe, lile nililolianzisha kwa makoti yale, nami nikaendelea kumfungia mteja mzigo wake. Mwalimu ameniambia jana kwamba siku ya kamati alimwuliza mkewe, “Kwa nini hukuihesabu?” Dada alimjibu, “Niliihesabu, Mwalimu.” Naye hakuuliza tena.

Marehemu alianza kuugua Agosti 1996. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala bila mito mitatu. Mbeya walisema moyo umepanuka. Alitumia dawa, akapata nafuu akarudi dirishani, kisha Juni mwaka huu akazidiwa. Jumapili iliyopita nilikaa naye. Nilimwambia, “Dada, lile jambo la mitungi...” Alininyamazisha kwa mkono. “Nimekungoja miaka mitano useme. Sasa usiniambie mimi. Mimi nalijua.” Kisha akaomba maji. Alifariki Jumanne saa tisa alasiri, hapa nyumbani, Mwalimu akiwa amemshika.

Jioni ileile nilikaa nikaandika zile karatasi, na bado nikaandika “alihamishiwa”. Muone jinsi nilivyo.

Jana nilikwenda Ipinda kumpa Bi Samira taarifa ya msiba. Nilidhani atanifukuza, maana tangu mwaka ule hakuwahi kukanyaga tena Betania wala hapa kwa Mwalimu, na sisi sote tulisema ana chuki na dada. Alinikaribisha, akanipa kiti. Nikamwambia yote niliyowaambia ninyi sasa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaitazama mikono yake, akaigeuza.

“Mimi nilijua ni hii,” akasema. “Miaka mitano, Lazaro. Nilijua nilivuta mfuko vibaya, nikamuua mwanangu. Sikwenda kwa Anyosisye kwa sababu yeye aliona. Nilimwonea haya.”

“Mama, mitungi ingekuwepo, usingeshika mfuko ule kabisa.”

“Naye alikuwa anajua hivyo?”

“Alijua.”

“Tungekaa pamoja,” akasema. “Mimi na yeye tungeweza kukaa pamoja, tukalia.” Kisha akasimama. “Kesho nitakuja kuzika. Hayo yasome mbele za watu. Usipoyasoma wewe nitasimama niyaseme mimi.”

Bi Samira amekuja. Ameketi pale kwa akina mama, na yeye ni mmoja wa waliomwosha dada asubuhi hii kwa mikono ile.

Wazee wa ukoo, nimewaaibisha, nanyi mlinionya leo alfajiri nisifanye hivi msibani. Mnaweza kunihukumu matanga yakiisha. Daktari Tuntufye, uko hapa. Naomba kumbukumbu ya kamati isahihishwe, nami nitaisaini. Na yeyote aliyewahi kumwita dada yangu kwa jina lile, kosa si lako. Lile jina lilikuwa langu.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Asajile Mwaipaja, watoto watatu, Maria, Godwin na Anyisile, wajukuu wawili, mama yetu Veronika, ambaye ni mgonjwa na yuko ndani, na ndugu watano. Wanne kati yao mnaweza kuwashika mkono wa pole bila kusita. Wa tano ni mimi.

Ndaga fijo, asante sana, dada. Mungu akupokee, akupumzishe.