Picha ya Mama Yenu Mkubwa

Sogeeni wanangu, na wewe kitinda mimba weka simu chini, pumzi niliyobaki nayo si ya kugawana na mtandao. Nyumba ni yenu nyote watatu. Masufuria na mizani achukue dada yenu, maana ndiye pekee asiyeona haya kunuka mafuta. Ninalotaka kuwausia ni ukurasa wetu wa biashara, ule wenye wafuasi wengi kuliko watakaokuja kunizika.

Mnakumbuka tulivyoanza. Mimi niliyeishia darasa la pili nilichemsha mafuta ya kuchua magoti, nyinyi mkapiga picha chupa, mkaposti, na mwezi mzima aliyependa ni mjomba wenu peke yake, naye alibonyeza kwa bahati mbaya. Tukalipia matangazo, wateja wakaja. Ukurasa ukaibwa, watu tusiowajua wakauza viatu kwa jina letu. Tulipourudisha, wateja walishakimbia. Ndipo mkaniambia, mama, mtandaoni watu hawanunui mafuta, wananunua ushuhuda, tutafutie aliyepona.

Sikuwa na aliyepona. Nilikuwa na picha ya dada yangu, ameketi kitini, anacheka, mwaka mmoja kabla hajafa. Nikawapa, nikasema andikeni: "Magoti yaliniweka ndani, mafuta haya yameniinua." Msilolijua ni hili: dada yangu alikufa hajainuka. Mara tatu alinitumia ujumbe akiomba chupa moja, na mimi, kwa kisirani cha ugomvi wetu wa cherehani ya marehemu mama, nikamjibu anunue kama wengine. Nilimnyima chupa moja akiwa hai, akiwa kaburini nikamtuma aniuzie maelfu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Oda zilipopanda, mambo yakaanza. Mteja mmoja alishukuru kwa kupigiwa simu na yule mama wa kwenye picha, akiulizwa kama mafuta yamemfaa. Nikacheka, nikadhani ni mmoja wenu na ujanja wake wa biashara. Wa pili, wa mji mwingine, akasema mama huyo hukohoa kidogo kabla ya kusema, na humwita kila mtu "mwanakwetu". Wanangu, hayo hatukuyaandika popote. Mwezi uliopita akaja bibi mmoja na mkongojo wake hadi mlangoni, akanishikisha chupa yetu, haijafunguliwa. "Mpelekee dada yako," akasema. "Ameniambia yeye hakupata hata tone."

Tangu siku ile nimelala hapa. Dada yenu ameifuta picha mara nne, mara nne imerudi, nanyi mnasema ni mtambo. Haya, mtambo. Mtambo haukohoi.

Usitazame ukuta, mwanangu wa kati. Jana nilikusikia nyuma ya mlango ukimwambia mkeo, "Tumpige mama picha angali ana uso, itauza hii." Kinachokufa ni miguu, masikio yangali hai. Picha yangu isipandishwe. Atakayeipandisha nitampigia mwenyewe.

Ukurasa, jina lake na wateja wake wote apewe binti wa dada yangu. Aufunge, auendeshe, msimuulize. Mwambieni sababu, wala msinirembeshee. Lakini kwanza andika, kitinda mimba, nikisikia: "Mwanamke huyu amekufa. Mafuta haya hakuyapata. Mdogo wake alimnyima." Usitie vile vikatuni vyako. Wala usiandike kwamba nasikitika. Anayesikitika mtandaoni huonekana ana kitu anauza.

Mungu awape riziki isiyo na mtu nyuma yake. Mkigombana, gombaneni, ila mwenye kuomba mpeni kwanza... Sauti inaniishia. Nisomee. Polepole... Hapo, "alimnyima", usililainishe. Wateja wakikimbia, wakimbie. Usiifunge simu, baba. Nimekubariki... nimewabariki wote. Tuma sasa. Tuma, nione.