Mikahawa Yangu Iliyofutwa

Salamu kwenu nyote majirani mliokusanyika hapa, wa msikitini na wa kanisani. Mnivumilie nikivuta maneno. Ulimi wangu bado mzito, lakini leo hasira itausukuma.

Nilipopata kiharusi nilikuwa mjane, karani wa kuchapa barua. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukapinda. Binti yangu akaniwekea programu ya kuchorea majengo kwenye kompyuta yetu kuukuu. Akasema, "Mama, chezea tu, mkono uzoee."

Nikachora mkahawa. Si huu wa siku hizi wa viti vya plastiki, bali ule wa zamani wa mji wa kale: meza za marumaru, kabati la vioo lenye mahamri, feni ya dari, jua likiingia mlangoni na kulala sakafuni. Jua lile lilinichukua wiki nzima! Nilianza kwa mkono wa kushoto, kisha kidole cha kulia kikaanza kuitikia. Nikachora wa pili, wa tatu. Sikuuza hata mmoja. Nilikuwa nafurahi, basi. Je, ndugu zangu, kufurahi ni haramu kwa aliyepooza?

Kwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, ilikuwa haramu. Akija kunitazama aliguna. "Mtu mzima unachezea hoteli za uongo! Zitakulisha?"

Siku moja nikarudi kutoka mazoezi ya hospitalini, nikakuta meza tupu, kompyuta haipo. Nikampigia simu shemeji, maana ndiye pekee mwenye ufunguo wa pili wa nyumba. "Nimekusaidia, shemeji," akasema. "Sasa utapumzika. Mimi naihitaji dukani kwangu."

Nawaambia, sijapata kusaidiwa vibaya namna ile.

Hapo nikaanguka mara ya pili, na safari hii si kiharusi. Niliacha mazoezi. Mkono ukarudi kulala mapajani. Wageni wakija wanamuuliza binti yangu, "Amekula? Amelala?" Nami nipo! Nasikia! Baadhi yenu mlifanya hivyo hivyo, msiangalie chini.

Kisha akaja jirani yangu, bibi ambaye marehemu mumewe alikuwa na mkahawa. Binti yangu alikuwa amemchapishia mchoro wangu mmoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananitolea karatasi ile, kakasirika.

"Umekosea. Kabati la mahamri lilikuwa kushoto, ukiingia tu. Mume wangu angekucheka. Lirekebishe."

"Sina kompyuta, bibi."

"Imekwenda wapi?"

Nikamweleza. Maneno yalitoka moja moja, na mate pia. Hakunikatiza, hakunimalizia sentensi hata moja. Nilipomaliza akajitanda mtandio. "Inuka. Twende."

Tukapanda tuktuk mpaka dukani. Wateja wamejaa. Shemeji akamwambia bibi, si mimi, "Mgonjwa huyu, mama. Nimemfanyia hisani."

"Hisani haiingii nyumba ya mtu bila hodi," bibi akajibu. "Na usiniambie mimi. Mwenyewe huyu hapa."

Duka zima likanigeukia. Tangu niugue sikuwa nimesema neno mbele ya wageni, kwa haya ya mdomo huu. Nikashika kaunta.

"Ni yangu. Naitaka. Leo."

Maneno manne, na kila moja lilinitoa jasho. Mteja mmoja akasema, "Mpe mwenzio." Shemeji akaichomoa nyaya kwa hasira.

Nyumbani tukaiwasha. Mikahawa yote imefutwa! Alihitaji nafasi ya kuweka bei zake za sukari na mchele. Nikalia, sifichi. Lakini kesho yake asubuhi nilikaa kitini nikaanza upya, bibi kando yangu akibishana nami kuhusu urefu wa mabenchi. Leo nimefika mkahawa wa tano. Kipanya nakibofya kwa kidole cha kulia, na kliniki ya mazoezi sikosi.

Shemeji hajaniomba radhi. Nasalimiana naye, lakini ufunguo wa nyumba yangu nimeutwaa.

Namshukuru binti yangu. Namshukuru bibi yule, ambaye hakunihurumia. Alinisahihisha, kama anavyosahihishwa mtu mzima mwenye akili zake. Nawashukuru na ninyi mlionipa kiti cha mbele leo.

Na walio na mgonjwa nyumbani, nawaomba neno moja. Akipata kitu cha kumfurahisha, msimuulize kitaleta nini. Mwulizeni yeye mwenyewe, si aliyekaa kando yake, kama mwanga wa kufanyia hicho kitu chake unamtosha. Kisha ngojeni jibu, hata likichelewa.