Santuri za Chaman

Sogeeni wanangu, na wewe Hafidh izime hiyo televisheni, maana neno hili nikilisema mara moja sitaliweza tena: mimi baba yenu nimemwibia mtu, na mtu mwenyewe si wa mbali, ni Ami yenu Chaman, ambaye mmekula kwake tangu mna meno ya utoto, na nilichomwibia ni amana aliyonikabidhi kwa mikono yake. Nimelitanguliza hili mbele ya dua, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwa sababu najijua. Nikianzia kwenye dua nitajificha humo humo mpaka pumzi ziniishie.

Mali ya kuwagombanisha sina. Nyumba hii ni ya kupanga, ya kaunsili, na watazitaka funguo zao mapema. Msahafu wa babu yenu ni wa Hafidh, bangili za marehemu mama yenu ni za Siham, na koti langu zito mpeni yule bwana wa Kipemba anayeswali safu ya nyuma, maana kila baridi ikija namwona anatetemeka. Basi. Kilichobaki humu ndani si changu, na hicho ndicho kinachonikaba roho tangu lifti ilipoharibika na miguu ikanikatalia, nikawa mtu wa kuutazama mtaa huu wa Woolwich kupitia dirisha, sina pa kwenda ila kuzunguka ndani ya kichwa changu mwenyewe.

Chaman nyinyi mnamjua mzee, mimi namjua tangu yuko kaptura. Baba yake alikuwa na duka mjini Unguja, akiuza redio na sahani za santuri, za taarabu na za Kihindi, na rafu moja ya juu ilikuwa ya Waamerika, wanaume wenye suti na wanawake wenye magauni marefu, wanaimba Kiingereza taratibu mbele ya bendi kubwa ya matarumbeta. Ndugu zake wote walipenda za Kihindi, lakini Chaman alikuwa mgonjwa wa zile za rafu ya juu. Alizifuta vumbi, alizipanga, alijua kila mwimbaji alivaa nini kwenye jalada. Tulipotawanyika baada ya mapinduzi wenzetu walibeba dhahabu, yeye alibeba sahani. Na nilipokuja kuonana naye tena hapa London, yeye yuko Kenton, ng'ambo ya jiji, na duka lake la vifaa vya umeme, mimi huku nikisukuma vitanda hospitali, bado alikuwa nazo, na nyingine kaongeza.

Mwaka wa tisini na moja binti yake Poonam alijifungua pacha huko Kanada, naye mama yake alikwishafariki, kwa hiyo Chaman akafunga safari kwenda kumlelea. Kabla hajaondoka alikuja hapa na masanduku matatu ya sahani na gramafoni yake. Nikamwuliza, kwa nini usimwachie mwanao Pritesh? Akasema, "Pritesh! Huyo ataziwekea vikombe vya chai juu yake. Nakuletea wewe, shekhe wangu, kwa sababu London nzima ni wewe tu usiyependa muziki. Kwako zitalala." Mama yenu akamwambia nyumba hii haipigwi muziki, shemeji. Akamjibu, "Ndiyo maana, shemeji, ndiyo maana!" Tukacheka sote.

Wallahi nilikusudia kuzitunza. Zamu yangu ilikuwa ya alfajiri, saa za mchana nikawa nyumbani peke yangu, mama yenu yuko kazini kwenye nyumba ya wazee, nyinyi mko skuli. Siku moja nikasema nizikague zisije zikashika unyevu. Siku ya pili nikasema niijaribu gramafoni, nisije nikaambiwa nimeiharibu. Nikaiweka sahani ya juu, nikashusha sindano, nikakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Ala zikaanza, zikamngoja mwenye kuimba, ukadhani amesahau, kisha akaingia nyuma kidogo yule mwanamke, kama mtu aliyechelewa kwenye shughuli na wala hana haraka ya kutafuta pa kukaa, na watu wenyewe wanampisha. Maneno mengi sikuyaelewa. Lakini mimi tangu nimekuja nchi hii nimekuwa nikikimbia, nikimbilie basi, nikimbilie zamu, nikimbilie foleni ya ofisi ya nyumba, na hapo ndipo niliposikia mtu ambaye hakimbizwi na yeyote.

Ikawa kila siku. Nikafunga mapazia. Kuna sahani moja iliyorekodiwa mbele ya watu ukumbini, na kabla ya wimbo wa mwisho, kimya kimetanda, mtu mmoja anakohoa. Nikawa namngoja yule mtu. Nikawa najiuliza alirudi vipi kwake siku ile, na kama kifua chake kilipona. Alasiri ikinikuta hapo, nami naisogeza, naisogeza mpaka karibu na jua kuzama. Kuhusu kusikiliza kwenyewe masheikh wana maneno yao, na mimi si msomi, skuli nilitoka mapema. Kama ni dhambi basi iko baina yangu na Mola wangu, na mlango wake Yeye uko wazi. Ninalowaambia ni la mja, na la mja halisameheki mpaka mja mwenyewe aseme.

Akarudi Chaman mwaka wa tisini na tatu. Akapiga simu, sauti yake kama ya bwana harusi: "Shekhe, Jumapili nakuja kuwachukua wanangu!" Nikayatazama yale masanduku nikaona anakuja kunichukulia kitu kilicho mwilini mwangu. Siku zile za baridi bomba la jirani wa juu lilipasuka likatudondoshea maji kidogo jikoni, kiasi cha kufutwa na tambara, na hiyo kweli ndogo nikaivuta nikaifanya gharika; mama yenu aliporudi kazini nikamwambia maji yalifika hadi kwenye masanduku, nimekwisha kuyatupa. Alipofika Jumapili, yeye na Pritesh, nikampokea na uso wa msiba. Nikamwambia maji yaliingia, sahani zikaoza, nikazitupa.

Alikaa pale kwenye kiti cha mlangoni, koti hajalivua. Akasema, "Zote?" Nikasema, "Zote, Chaman." Halafu mnajua aliuliza nini? "Na watoto je, shekhe? Unyevu wote huo, vifua vyao salama?"

Pritesh hakunyamaza. Alikuwa kijana, damu inachemka. Akasema, "Ami, sahani ni plastiki, plastiki inaoza vipi? Majalada sawa, lakini sahani?" Akainama akalipapasa zulia, "Na mbona zulia hili halina hata doa?" Nikapandisha sauti, na ubaya wangu wote ulitokea hapo. Nikamwambia Chaman, "Mwanao ananiita mwongo ndani ya nyumba yangu, mbele ya mke wangu?" Chaman akasimama, akamgeukia mwanawe, akamwambia omba radhi. Yule kijana aliyesema kweli tupu akaniomba radhi, mimi mwizi, na tangu siku ile hajakanyaga hapa. Nami sikuishia hapo. Nikapita nikisema msikitini na harusini kwamba mtoto wa Chaman hana adabu. Alipooa sikwenda, nikajifanya bado nimekasirika.

Wiki iliyofuata Chaman alikuja na hita ya umeme kutoka dukani kwake, ya kukaushia unyevu ambao haukuwepo. Hita ile ndiyo mliyofanyia kazi zenu za skuli mbele yake, Siham miguu yako juu ya kiti. Kila ilipowashwa nilikuwa naona haya.

Na sikilizeni Mungu anavyomfunga mtu kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Gramafoni nilimrudishia, nikisema ilikuwa juu ya kabati maji yasiifikie, nikajiona mwerevu. Basi nikabaki na sahani bila ya chombo cha kuzipigia. Nikasema nitanunua, lakini mama yenu alikwishawasimulia watu wote habari ya mafuriko, maskini, kwa uchungu wa kweli, sasa mtu asiye na sahani anunue gramafoni ya nini? Kisha magoti yakamwuma akaacha kazi, akawa nyumbani kutwa. Tangu Jumapili ile sijasikia hata sahani moja. Niliiba sauti, nikapata masanduku.

Nilitaka kuyatupa usiku mmoja, mkono ukakataa. Kuyauza, ningeulizwa nimeyatoa wapi. Kuyarudisha, ningemwambia nini mama yenu? Nikangoja mama yenu atangulie au mimi nitangulie, ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, laana gani hiyo. Akatangulia yeye. Siku zake za mwisho aliniita hapa, akanishika kidole hiki, akaniuliza, "Baba Hafidh, hakuna kitu cha mtu humu ndani? Nisije nikaondoka na haki ya mtu." Nikamwambia hakuna, Sundus, lala. Naye alikuwa amelala juu yake.

Ndiyo, Hafidh, hapa hapa. Kitanda hiki cha boksi kina saraka upande wa ukutani, hazifunguki mpaka ukivute chote. Usiangalie chini hivyo, mwanangu, hazing'ati.

Na Chaman, mnamwona, kila Alhamisi anavuka London nzima na fimbo yake, treni mbili na basi, anapanda ngazi zote hizo anahema, anakaa hapo miguuni pangu, juu ya mali yake. Ananitania, "Shekhe, wewe unaumwa au umekimbia kulipa kodi?" Kisha anaanza kuimba chini kwa chini. Anafika katikati ya wimbo anakwama. Ananitazama. "Unaendelea vipi huu, shekhe?" Nami najua unavyoendelea, wanangu, najua mpaka pale tarumbeta linapojibu, maneno yananijaa mdomoni. Namwambia, "Mimi na nyimbo wapi, Chaman?" Anacheka, anaanza mwingine. Hakuna jela iliyo nyembamba kama ile.

Basi wosia wangu ni huu. Mkishanizika, kivuteni kitanda, mpelekeeni masanduku yote Kenton. Hafidh, usikae kwenye kompyuta ukatafuta zina thamani gani. Na msinipambe. Msiseme tumezikuta kwenye stoo, msiseme mzee alisahau, akili ilikuwa imechoka. Semeni baba yetu aliziiba akadanganya, na Pritesh alisema kweli. Mlitamke jina la Pritesh mbele ya watu, pale pale msikitini nilipomchafua. Kisha mwombeni Chaman anisamehe…

Unasema nini, Siham? Sema kwa Kiswahili, mama, leo kichwa changu hakikifuati Kiingereza chako.

Rudia.

Kwamba mtoto wa muuza santuri, aliyekulia chini ya meza ya santuri, hakujua kuwa maji hayaozeshi sahani?

Nipe maji kwanza. Hapana, usiniwekee mto, niinue tu… hapo.

Pritesh alijua kwa kutazama mara moja. Na Chaman asijue? Basi alijua pale pale kitini, na bado akamgeukia mwanawe. Akamtoa mwanawe kafara ili mimi nisiaibike mbele ya mke wangu. Na hivi Alhamisi zote hizi anakwama katikati ya wimbo… hakuwa amekwama. Alikuwa ananipa nafasi, na mimi namwambia mimi na nyimbo wapi.

Au hakujua. Sitaki kufa nikijiliwaza kwa hilo. Akijua asijue, haki yake ni ile ile.

Lakini lile la mkishanizika, lifuteni. Mkimpelekea nyinyi, mayatima, na macho yamewavimba, atasema nini yule? Atawaonea haya, atasema nimesamehe, ataingia ndani na chake rohoni. Nitakuwa nimemchukulia sahani, na sasa namchukulia na hasira yake. Ana haki ya kunikasirikia usoni. Anitukane. Ana haki hata ya kukataa.

Naogopa, wanangu. Nimekuwa mtu wa ibada miaka yote hii, na namwogopa mzee mwenye fimbo.

Pendaneni. Siham, usimsemee kaka yako kwa ukali, na wewe Hafidh, dada yako akisema neno, msikilize, umeona leo. Radhi zangu mnazo nyote, kwa mliyonipa na kwa mliyoninyima. Mwenyezi Mungu awape ndimi nyepesi kwenye kweli, asiwafungie mahali aliponifungia mimi. Amin. Semeni amin… Pumzi inakuwa fupi.

Wiki iliyopita, Siham, nilikutuma umwambie Chaman asije, nimechoka. Sikuwa nimechoka.

Kiache kitanda kwanza, Hafidh, asikute kimevutwa. Nitamwambia mimi, sauti ingali ipo.

Simu iko hapo. Mpigie Chaman. Mwambie aje leo, na Pritesh ndiye amlete. Mpigie sasa, mwanangu.