Darasa Letu la Barazani, Kawajense

Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni. Nyie wadogo marahaba, hata kama hamjaniamkia. Nilipoambiwa leo ni zamu yangu kusimama kwenye kikao chetu nilitaka kusingizia kikohozi, lakini mwenyekiti ananijua, asingenielewa. Basi nitasema tu kama tunavyoongeaga sisi wenyewe, na nikikwama mnivumilie.

Mimi nakaa Kawajense. Kabla sijaolewa nilikuwa msaidizi wa mwalimu kwenye chekechea ya Montessori. Kule mtoto anakaa kwenye mkeka, kazi zimepangwa kwenye trei juu ya rafu, yeye mwenyewe anachagua anachotaka kufanya. Niliipenda kazi ile jamani. Mpaka leo nikisikia mchele unamiminwa kwenye jagi la bati nawaona wale watoto walivyokuwa wanang'ata ulimi ili usimwagike hata punje.

Binti yangu ana selimundu, ugonjwa huu wa damu, kama watoto wenu. Alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, ugonjwa ukamkaba. Leo yuko darasani, kesho yuko wodini. Mimi na baba yake tukakubaliana akae nyumbani kwanza apate nguvu, na mimi nimfundishe kama nilivyokuwa nafundisha zamani.

Ndugu zangu, nawaambia, siku zile za mwanzo zilikuwa tamu. Fundi seremala wa Shanwe alitutengenezea rafu fupi na vibao vya herufi, nikabandika msasa mwenyewe kwenye kila herufi ili mtoto apitishe kidole. Shanga tulinunua sokoni, tukazitunga kumi kumi. Mama mkwe wangu yuko Majimoto, wanalima mpunga, akatuletea mchele wa kujifunzia kumimina. Alicheka sana. Akasema huko kwao watu wanaupika, huku mjini tunauchezea. Asubuhi tulikuwa tunatandika mkeka barazani, jua halijawa kali, treni ikipiga honi kule stesheni binti anaacha shanga anasikiliza, halafu anaanza kuhesabu upya. Natamani ningejua wakati ule kwamba nilikuwa na furaha.

Tatizo ni hofu. Watoto wa rika lake walikuwa wanapita mbele ya baraza na sare zao, wanaimba jedwali la kuzidisha, na mimi roho inaniuma. Nikasema wangu ataachwa. Nikanunua karatasi ya manila, nikaibandika ukutani, nikapanga wiki nzima, Jumatatu mpaka Ijumaa, kila kisanduku na somo lake. Somo likiisha naweka alama ya kijani. Majirani walinisifu, wakasema yule mama ni mwalimu kweli.

Sasa nyie mnaujua ugonjwa wetu, hauangalii ratiba. Akiugua, masomo ya siku ile yanakuwa viporo. Mimi viporo nikavihamishia wiki inayofuata, juu ya masomo mapya. Ikifika wiki nyingine viporo vimezaa viporo. Nikaacha kumruhusu achague kwenye rafu. Akichukua shanga namwambia rudisha, leo ni herufi. Mnacheka, lakini nani hapa hajafanya hivyo?

Kisha binti akapata nafuu. Wiki zikapita hajalalamika hata kidogo, alama za kijani zinajipanga tu. Nilimtangazia kila mtu kuwa Mungu ametenda. Niliona amekuwa kimya, na kwamba siku hizi anakaa amejifunika kitenge miguuni hata jua likiwaka. Nikajua ni ukubwa unaingia.

Ijumaa moja asubuhi, mvua inanyesha, alikuwa anamimina maji. Jagi likamponyoka. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto. Nikavuta kile kitenge, nikakuta goti limevimba, na macho yake yalikuwa ya njano. Baba yake alimbeba mpaka kwenye bajaji, tukakimbia hospitali.

Nesi akaniuliza maumivu yameanza lini. Nikamjibu, asubuhi hii.

Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Tangu Jumanne, mama."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanitazama kama mtu anayeogopa kuniudhi. "Ningesema, siku ingebaki nyeupe. Zikibaki nyeupe wewe huongei na mtu."

Nesi aliinamia kazi yake asinitazame. Mtoto wangu alikuwa anaumwa, na anaficha ili mimi nifurahi. Madaktari walimwongezea damu, na kwa muda kidogo sikujua kama nitarudi naye nyumbani. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Tulirudi naye. Nyumbani nikamkuta mama mkwe amekuja kutoka Majimoto kutusaidia, manila ameshaibandua amefungia dagaa.

Nikakaa nikakumbuka chekechea yetu. Kule hatukuwahi kuandika mtoto atamaliza nini siku gani. Tuliandaa rafu, tukamwangalia, halafu tukaandika tulichokiona. Nilikuwa nalijua hilo vizuri, hofu tu ndiyo iliyonisahaulisha.

Basi tukafunga kamba tatu barazani. Kila somo lilikuwa na kikadi kidogo kilichoshikwa kwa kibanio cha nguo. Kamba ya kwanza ni alichoonyeshwa, ya pili anachojaribu, ya tatu anachokiweza. Hakuna siku. Jumapili jioni naziangalia kamba, naandaa trei chache za wiki, basi. Kikadi kisichosogea kinabaki palepale, hakuna anayekihamisha kwa nguvu. Anayesogeza ni yeye, na akisogeza anajishika kiuno kama mwenye nyumba.

Na tukaongeza somo moja ambalo chekechea hatukuwa nalo: kusema naumwa kabla sijaulizwa. Nikalifundisha kama herufi, kila maumivu na jina lake. Hiki kinachoma. Hiki kinabana. Hiki kinagonga kama nyundo. Kusoma alisoma, kujumlisha alijumlisha, lakini kikadi hicho kilikaa kamba ya pili muda mrefu sana. Aliogopa. Mimi nami nilikuwa najifunza kusikia bila kununa.

Nguvu zilimrudia, na leo yuko shuleni na wenzake. Baraza limenyamaza. Wakati mwingine naifuta ile rafu bila sababu, nashika herufi za msasa zilizolainika kwa kidole chake, nabaki nimesimama tu. Nazikumbuka zile asubuhi kuliko nyingi za maisha yangu.

Muhula uliopita mwalimu wake alinipigia. Walikuwa katikati ya mtihani, darasa kimya, binti akasimama akasema, "Mwalimu, naumwa, kinabana mguuni. Naomba mama aitwe." Mtihani ameuacha nusu. Nilipofika alikuwa amekaa kivulini anakunywa maji, hajaficha kitu. Hospitali walimuwahi, jioni tukala wote nyumbani. Nilimpigia mama mkwe kumweleza nikaishia kulia. Akasema, "Lia kwanza, mama, nakusubiri."

Nawashukuru. Fundi wa Shanwe, mama mkwe, baba yake, yule nesi, yule mwalimu aliyesikiliza, na nyie mlionikalisha hapa nikiwa siwezi hata kujieleza. Pangeni masomo ya watoto wenu, mpango ni mzuri, mimi bado napanga. Lakini mkirudi nyumbani, kabla hujamuuliza mtoto anajua nini, muulize mwili wake umeamkaje. Halafu unyamaze mpaka amalize.