Askari wa Damu ya Brashi

Benchi la mbele ya duka la vipuri lina miguu mitatu na tofali. Hapo hukaa kila alasiri Pingamizi, karani mstaafu asiyekubaliana hata na saa ya ukutani. Toroli, msukuma mizigo. Na Brashi, mchora vibao vya maduka. Leo Brashi kaja na shingo iliyovimba upande mmoja. Saratani yake ya tezi za limfu imerudi mara ya pili, dripu za dawa zimeshindwa. Amepata nafasi ya tiba mpya, naye keshaamua kwenda.

— Wanatoa chembe nyeupe za damu yangu, wanazifundisha maabarani kuitambua saratani, kisha wananirudishia.

— Kwani siku zote zilikuwa zimelala? — Pingamizi akauliza.

— Saratani imejifanya mwenyeji, zinaipita tu.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone! — Toroli akadakia.

— Methali hiyo haihusiki, bwana, — Pingamizi akapinga.

— Inahusika sana! Ila zikirudi zimesoma, zitakubali kweli kuishi kwa Brashi? Zitadai uhamisho. Zitagoma!

— Zitazoea kupiga, — Pingamizi akasema. — Zikimaliza saratani zitageukia ini, kisha sisi tuliokaa naye benchi moja. Brashi, daktari ameapa utapona?

— Hajaapa. Wengine hupona, wengine hapana.

Brashi akaweka kikombe chake cha kahawa kwenye benchi.

— Ila nisipoenda, jibu ninalo tayari. Sikai hapa kulisubiri.

Mara akatokea mpwa wake, kichanga mgongoni, fomu ya hospitali mkononi.

— Shikamooni. Mjomba, fomu wameirudisha. Bila mtu wa kukaa nawe karibu na hospitali wiki nne, usiku na mchana, hawakupokei. Homa ikipanda, au ukianza kuropoka, yeye ndiye wa kukukimbiza wodini. Mimi na huyu mtoto siwezi. Niandike jina la nani?

Toroli akakazia macho gurudumu la mkokoteni wake. Pingamizi akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Brashi aliwatazama mmoja mmoja. Siku nyingine angeona haya kuomba. Leo haya aliikataa.

— Andika Pingamizi.

— Mimi? Kwa nini mimi?

— Kila neno langu unalipekua. Nikiropoka, nani atanidaka kabla yako?

— Sijakubali!

— Andika, mwanangu. Ameshaanza kazi.