Siku Darlene Alipotusomea Muswada

Mheshimiwa Rais wa Seneti, Waheshimiwa Maseneta wa chama chenye wengi, na sisi wachache wenye kelele, watumishi wa Bunge, ndugu wageni waalikwa, na wewe Darlene Hovland, Karani Msomaji wetu, unayestaafu leo na kutuacha yatima: habari za mchana!

Mnaojiuliza kwa nini nimsifu mimi, Royce Tvedt, mtu aliyemkausha koo kuliko wote, mna haki. Nimekuja kuungama.

Mnaukumbuka muswada wa ujenzi. Kanuni inataka theluthi mbili, yaani kura ishirini kati ya thelathini. Wenzetu walikuwa kumi na tisa, sisi kumi na mmoja tukakaza shingo. Mara tatu muswada ulianguka, na kila ulipoanguka tulipongezana kwa kupeana mikono. Tulikuwa tumejenga nini, ndugu zangu?

Mara ya nne, siku ya mwisho ya kikao, nikadai usomwe wote, neno kwa neno, ili muda uishe kabla ya kura. Kurasa mia tatu na kumi! Sharti ni moja tu: aliyedai asitoke ukumbini, akitoka dai limekufa. Saa tatu asubuhi Darlene akanywa maji, akaanza. Kufika saa tano nikanyanyuka.

"Seneta, safari ya wapi?"

"Nanyoosha mgongo tu, Darlene."

"Unyooshee hapo hapo. Ukivuka mlango, nafunga kitabu."

Mlinicheka sana. Wenzangu wakaenda kula, mimi nikabaki na biskuti moja ya mfukoni, tena imevunjika.

Alasiri, akiwa ukurasa wa mia mbili na kitu, nikasikia: wodi ya wazazi, Kaunti ya Tamarack, ifunguliwe upya. Tamarack ni kwetu! Majira ya baridi yaliyotangulia, binti yangu Britta alikuwa amejifungua ndani ya pikapu, kando ya barabara, theluji ikianguka, hospitali ikiwa bado mwendo wa saa nzima. Nusura tumpoteze. Na huu muswada nilioupinga mara tatu, sikuwahi kuusoma. Niliangalia rangi ya chama kilichouleta, basi.

"Darlene, rudia hapo."

Akashusha miwani. "Mara ngapi, Seneta?"

"Mpaka nione aibu."

"Sauti yangu haitafika huko, baba. Nina miaka sitini na mbili."

Nikasimama, nikatembea hadi mlangoni mbele ya macho yenu nyote, nikavuka. Akafunga kitabu. Niliporudi kura ikapigwa, na yeye ndiye aliyeita majina. Ishirini! Kiongozi wa chama changu hakunisalimu mpaka Pasaka, lakini nililala vizuri.

Darlene, miaka ishirini na sita umetusomea, na hakuna anayejua wewe unapigia kura chama gani. Umetusomea sote kwa sauti ile ile, hata tuliokuwa hatusikilizi. Nakupenda kwa hilo, na nalisema mbele ya mumeo.

Wodi ilifunguliwa mwaka jana. Wiki tano zilizopita Britta alijifungua tena, safari hii kitandani, mkunga pembeni, dakika tisa kutoka nyumbani.

Huyo anayepiga kelele kule nyuma, mnayemgeukia, ndiye. Mlinzi, tafadhali usimtoe nje. Mlete mbele, Darlene ampakate.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana.