Litawaka Leo

Fundi cherehani alipanda basi la asubuhi na betri mpya ya gari, akaketi kando ya mzee aliyevaa ovaroli yenye madoa ya oili.

"Ya gari gani hiyo, mama?" mzee akauliza.

"La zamani, limekuja na meli. Muuzaji aliapa ni la mwaka sabini na nne. Nikakwangua kutu, nikasoma namba ya chesisi, kumbe la sabini na moja."

"Halijawashwa tangu lini?"

"Miaka kumi na moja."

"Basi umenunua chuma chakavu. Ukigeuza ufunguo tu, injini kwisha!"

Abiria wa nyuma wakaacha simu zao. Mama wa watu hakutetereka.

"Plagi nilizitoa, nikamimina oili kwenye silinda, nikaiacha siku tatu. Jana nimeizungusha injini kwa spana, ikakubali. Petroli ya zamani nimemwaga yote."

Mzee akakohoa kidogo. "Nani kakufundisha?"

"Marehemu baba. Yaani aliwafundisha kaka zangu. Mimi nilikuwa nawashikia taa."

"Hata hivyo, haliwaki hilo."

"Litawaka leo."

Basi likasimama. Mama akainuka na betri yake. Mzee naye akainuka, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbali.

"Siji kukusaidia," akasema. "Nakuja kuona likikugomea."

"Karibu, mzee wangu. Ila ufunguo nageuza mimi."